Aliandika, Hakuweza Kusoma: Uchambuzi wa Kisa cha Karani wa Kariakoo

## Kuhusu kisa hiki

Mhusika ni mzee mmoja wa Dar es Salaam ambaye hapa nitamwita Mzee Shomari. Si jina lake. Yeye na watoto wake wameridhia kisa kiandikwe kwa sharti kwamba asitambulike, kwa hiyo hospitali, msikiti, duka na maduka ya miwani sikuyataja, na mambo kadhaa madogo yamebadilishwa. Nilikuwa katika timu iliyomhudumia. Kazi yangu ni kuwasaidia waliougua kiharusi warudi kwenye shughuli zao. Ninawaandikia kwanza wenzangu wa vituo vya afya, kliniki za macho na maduka ya miwani, ingawa anayemuuguza mzazi nyumbani naye atakuta jambo lake humu.

## Usuli

Mzee Shomari amepita miaka sitini. Kwa miaka mingi alikuwa karani wa stoo katika duka la vifaa vya ujenzi upande wa Gerezani. Alimaliza darasa la saba, akasoma kozi fupi ya kutunza hesabu, na kabla ya yote hayo alikwenda chuoni kwa maalimu hadi akahitimu Kurani. Huandika kwa mkono wa kulia. Alijulikana kuwa na presha, ila vidonge alivimeza siku alizojisikia vibaya tu, kama wafanyavyo wengi.

Alikuwa msomaji. Kwenye kijiwe cha kahawa jirani na kwake, yeye ndiye aliyekuwa akishika gazeti na kuwasomea wenzake habari za michezo na za Bunge. Nalitaja hili mapema kwa sababu ugonjwa wake ulionekana hapo kabla ya kuonekana hospitalini.

## Yaliyotokea

Asubuhi moja aliamka kichwa kikimgonga upande wa kisogo, na vimwangaza vikimchezea upande wa kulia. Akasema ni presha, akalala tena. Kesho yake akaenda kazini. Mdomo haukupinda, mkono haukulegea, maneno yalitoka kama kawaida. Neno kiharusi halikutamkwa na mtu yeyote nyumbani wala kazini, na ukitazama alama ambazo watu wamefundishwa kuzitafuta, yaani uso, mkono na usemi, huwezi kuwalaumu.

Jioni ile kijiweni alilifunua gazeti, akalitazama, akaligeuza, akalirudisha kwa mwenyewe. "Leo wamechapa vibaya hawa," alisema. Siku ya pili akasema tena hivyohivyo. Siku ya tatu kijana mmoja akamtania kwamba labda ameletewa la Kirusi, watu wakacheka, na Mzee Shomari akaacha kushika gazeti.

Dukani mambo yalikuja kwa namna ya kutatanisha zaidi. Tajiri wake alipomsomea orodha ya mzigo, aliiandika kwenye hati ya kupokelea bidhaa kwa mwandiko uleule mzuri, bila kosa. Alipoambiwa aisome ili wahakiki, alijifanya ameitwa nje. Mteja akiomba rangi ya krimu, aliteremsha kopo lolote. Kwa muda alijinusuru kwa kumbukumbu, maana stoo ile aliipanga mwenyewe na alijua misumari ya inchi tatu iko wapi hata gizani. Kisha kijana mpya akazipanga upya rafu, na hapo kila kitu kikafumuka. Tajiri alidhani mzee anamdharau. "Mbona unaandika vizuri tu?" alimuuliza, na swali hilo lilikuwa la maana kuliko alivyojua.

Simu nayo ilimsaliti. Tarakimu alizisoma, kiasi cha fedha alikijua, menyu ya kutuma pesa aliifuata kwa namba alizozikariri. Lakini jina la mpokeaji lilipotokea ili athibitishe, alibonyeza tu. Pesa za karo ya mjukuu zikaenda kwa fundi bomba ambaye jina lake lilikuwa karibu na la mwanawe kwenye orodha ya simu. Fundi alirudisha, baada ya maneno.

Halafu guta. Alikuwa anavuka Mtaa wa Msimbazi, guta lililobeba maboksi likamgonga nyonga kutoka kulia. Aliapa kwamba hakuliona kabisa. Msukuma guta naye aliapa kwamba mzee alimtazama usoni.

Kati ya matukio haya alinunua miwani mara mbili. Duka la kwanza lilimpima kwa ubao wa herufi. Alisitasita, akakosea, akapewa miwani ya kusomea yenye nguvu zaidi ya ile ya zamani. Duka la pili likaongeza nguvu tena. Hakuna iliyomsaidia, na mama watoto akaanza kuhesabu fedha zilizopotea.

Nyumbani walikuwa na sababu nyingine ya kuamini kwamba tatizo si kubwa. Kila Alhamisi jioni Mzee Shomari hukaa na msahafu mkononi akasoma Yasin. Aliendelea kusoma, aya kwa aya, akifunua kurasa. Mtu anayesoma Kurani bila kukwama, walisema, gazeti linamshindaje? Mwanawe mkubwa aliniambia baadaye kwamba alishawahi kumwambia baba yake, kwa adabu zote, aache kudeka.

Miezi ilipita hivyo hadi akafika kwa daktari wa macho katika hospitali moja ya rufaa. Daktari huyo aliuweka kando ubao wa herufi na kutumia ubao wa E, ule ambao mtu haitaji herufi bali anaonyesha kwa mkono miguu ya E imeelekea wapi. Mzee akashuka hadi mstari wa 6/9 kwa kila jicho. Kwa umri wake, hayo ni macho mazuri. Kisha daktari akakaa mkabala naye, akamwambia amtazame puani bila kuhamisha macho, akachezesha vidole pembeni. Vya kushoto mzee aliviona vyote. Vya kulia hakuona hata kimoja, hadi vilipofika karibu na mstari wa katikati, na ilikuwa hivyohivyo jicho la kushoto lilipofunikwa na la kulia lilipofunikwa.

Kipimo cha CT kilionyesha kovu la kiharusi cha zamani kisogoni, nusu ya kushoto ya ubongo, likienea hadi sehemu ya nyuma ya nyuzi zinazounganisha nusu mbili za ubongo. Kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha mapigo yasiyo na mpangilio, hali inayoruhusu damu kuganda ndani ya moyo na bonge kusafiri hadi kichwani. Ndipo akaletwa kwetu.

## Tulichokikuta

Nilimpa karatasi na kalamu, nikamwomba aandike sentensi yoyote. Akaandika bila kusita: "Leo nimekuja hospitali na mwanangu kwa ajili ya matatizo ya macho." Herufi zimelala mstarini, nukta iko mahali pake. Nikaigeuza karatasi, tukazungumza kidogo juu ya Simba na Yanga, kisha nikamrudishia.

"Mzee wangu, nisomee hapa."

Aliitazama muda. "Mwandiko ni wangu huu. Naujua." Akasogeza karatasi mbali, akairudisha karibu. "Ila unasema nini, mwanangu, sijui."

Nilimwambia aende herufi moja moja. Alianza: L, akakosea, akarudi, L, e, o. "Leo!" alisema, na akacheka. Neno la pili, lenye herufi nane, lilimtoa jasho. Alipofika mwisho wake alikuwa amesahau mwanzo. Nikaandaa maneno mafupi na marefu: baba, kiti, walikuja, tutakapowapelekea. Muda aliotumia uliongezeka kwa kila herufi iliyoongezeka. Msomaji wa kawaida hana mwenendo huo; neno analolijua hulinasa kwa mtupo mmoja wa jicho, liwe la herufi nne au saba.

Kisha nikamwomba afumbe macho, nikamwandikia kiganjani kwa kidole herufi R. "R," alijibu papo hapo. Nikaandika M, nikaandika G. Zote alipata. Herufi ileile aliyoikodolea macho karatasini bila mafanikio, kiganjani aliitambua mara moja.

Rangi pia zilitufundisha. Alipopewa vikadi vya rangi alivipanga sawasawa, kijani na kijani, nyekundu na nyekundu. Alipoulizwa damu ina rangi gani alijibu vizuri. Lakini nikimwonyesha kikadi na kumuuliza jina la rangi yake, alibahatisha. Cha kijani alikiita chekundu, cha bluu akakiita kahawia. Vitu na nyuso havikumpa shida, na tarakimu alizitaja kwa tabu ndogo tu.

Lilibaki suala la Yasin, na hapa heshima ni ya muuguzi mwenzetu, Mwislamu, aliyesema: "Mwambieni asome mahali asipopakariri." Mzee aliomba kwanza atie udhu. Baada ya swala ya adhuhuri mwanawe alimfunulia msahafu kwenye Suratut Tawba, bila kumwambia ni sura gani. Sura hiyo ni ya pekee: ndiyo isiyofunguliwa kwa Bismillah. Mzee akaanza, "Bismillahir Rahmanir Rahim..." na akakwama. Bismillah peke yake isingetosha kuthibitisha chochote, kwani ulimi wa Mwislamu huanza hivyo kwa mazoea. Lakini hakuona kwamba ukurasa hauna maneno hayo, na mstari uliofuata hakuutoa hata neno moja. Mwanawe alimfunulia Yasin, akaisoma hadi mwisho wa ukurasa na kuendelea, kwa sababu hakuwa akiutazama ukurasa hata kidogo.

## Kinachotokea kichwani

Hali hii ilielezwa kwa mara ya kwanza kwa ukamilifu na Jules Dejerine, daktari wa Ufaransa, mwaka 1892. Mgonjwa wake, anayetajwa katika vitabu vya tiba kama Bwana C., siku moja mwaka 1887 aligundua ghafla kwamba hawezi kusoma, ilhali aliandika, alizungumza na kufanya hesabu zake. Naye alizitambua herufi kwa kuzifuatisha kwa mkono, na naye alipoteza upande wa kulia wa kuona. Baada ya kifo chake, Dejerine aliuchunguza ubongo na kukuta jeraha la kisogoni kushoto pamoja na sehemu ya nyuma ya nyuzi zinazounganisha nusu mbili. Ukisoma maelezo yale na kisha kumtazama Mzee Shomari, unashangaa jinsi wawili hawa wanavyofanana.

Ufafanuzi wake bado unasimama katika mambo makuu. Kila jicho huona upande wa kulia na wa kushoto pia. Ila mishipa inapoelekea nyuma hugawana kazi: vilivyo kulia kwako, kutoka macho yote mawili, hupelekwa nusu ya kushoto ya ubongo, na vya kushoto hupelekwa nusu ya kulia. Ramani ya eneo hilo la kisogoni ilianza kuchorwa kwa majeraha ya vita: Tatsuji Inouye, daktari wa macho wa Japani, aliwapima askari waliopigwa risasi kichwani katika vita ya Japani na Urusi na kuchapisha kazi yake mwaka 1909, Gordon Holmes wa Uingereza akafanya kazi ya aina hiyo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

Kwa Mzee Shomari, kisogo cha kushoto kimeharibika, kwa hiyo upande wa kulia haupo. Cha kulia ni kizima, na herufi zilizo kushoto kwake zinafika huko bila shida. Lakini maneno, kwa watu wengi, hushughulikiwa nusu ya kushoto. Ili herufi ziwe neno, lazima zivuke, na nyuzi za kuvukia zimekatika. Ni kama Kigamboni na Kivukoni, pande mbili za mlango wa bandari ya Dar es Salaam, zote zipo na watu wake wazima, ila pantoni imesimama. Kuandika hakuhitaji safari hiyo, kwani lugha na mkono wa kulia vyote vinaongozwa kutoka kushoto. Kiganja cha kulia nacho hupeleka habari kushoto kwa njia yake, ndiyo maana R ilifika. Jina la rangi halifiki kwa sababu ileile: rangi inaonekana, jina liko ng'ambo. Tarakimu zimenusurika zaidi kwa kuwa nusu zote mbili zina uwezo nazo kwa kiasi.

Watafiti wa karibuni wameongeza jambo ambalo Dejerine hakulijua. Mwaka 2000 Laurent Cohen, Stanislas Dehaene na wenzao walieleza kuhusu eneo dogo la sehemu ya chini ya ubongo, upande wa kushoto kuelekea nyuma, linaloamka mtu anapoona maneno yaliyoandikwa. Hakuna anayezaliwa na eneo la kusoma. Maandishi yana umri wa miaka elfu tano hivi tu, muda mfupi mno kwa ubongo wa binadamu kubadilika kimaumbile. Kusoma hukalia sehemu iliyokuwa na kazi nyingine ya kutambua maumbo. Mwaka 2010 kundi hilo lilichapisha utafiti kutoka Brazili na Ureno uliowalinganisha wasiojua kusoma, waliosoma utotoni na waliojifunza ukubwani. Hata kwa waliojifunza ukubwani, eneo hilo lilionyesha mabadiliko. Nilipomsimulia Mzee Shomari, alimkumbuka mama yake aliyejifunza kusoma kwenye madarasa ya ngumbaro. Kwake utafiti huo ulithibitisha habari ya zamani.

## Maamuzi na sababu zake

Kabla ya kusoma kulikuwa na uhai. Daktari wa timu alimwanzishia dawa ya kuzuia damu isigande na kupanga upya dawa za presha, na tulitumia muda mwingi, pengine kuliko kitu kingine chochote, kumweleza kwamba kidonge hakingoji kichwa kiume. Bonge jingine lingeweza kwenda kokote.

La pili lilikuwa barabara, nalo tuliliweka mbele ya gazeti kwa makusudi. Tanzania magari hupita kushoto. Mtu anayeteremka kwenye ukingo wa barabara hukutana kwanza na chombo kinachotoka kulia kwake, upande uleule ambao Mzee Shomari hana. Giza halionekani pale. Ubongo haumwonyeshi pengo, anaona dunia iliyokamilika isiyo na guta ndani yake. Ndiyo maana yeye na msukuma guta wote walisema kweli: mzee aligeuza uso upande ule, ila lililokuwa kulia zaidi ya kitovu cha macho yake halikuwepo. Mzee mwenyewe, aliyetuambia tangu mwanzo "jicho la kulia ni bovu", alikuwa anaziba jicho hilo na kushangaa kwamba hakuna kinachobadilika.

Mazoezi yalikuwa ya kurusha macho kulia, mbali kupita kiasi, kabla ya hatua ya kwanza. Tulianzia ukumbini, tukaenda lango la hospitali, kisha kituo cha daladala. Tulikubaliana pia kwamba anayefuatana naye atembee kulia kwake. Mama watoto alipinga: amezoea kutembea nyuma kidogo. Wakaafikiana.

Kwa kusoma tulikuwa na njia mbili mezani. Mwanafunzi mmoja wa mazoezi alipendekeza maandishi makubwa, na tulijaribu. Hayakusaidia, na kwa kweli yalidhuru: herufi kubwa huliongeza neno upana, hivyo sehemu kubwa zaidi yake inaangukia upande usioonekana. Tukaenda njia ya mkono: anafuatisha herufi kwa kidole juu ya karatasi, huku akiitamka. Baada ya herufi tukahamia silabi. Hapa shule ya zamani ilitubeba. Mtoto aliyeimba ba, be, bi, bo, bu darasa la kwanza anayo silabi kwenye ulimi, na Kiswahili hakimchezei shere, karibu kila herufi ina sauti moja popote uikutapo. Ugumu uko kwenye urefu. Katika tutakapowapelekea, aliyetenda na wakati wa kutenda vimo mwanzoni, na huo mwanzo ndio anaousahau akifika mwisho. Kwa hiyo tulimfundisha kukata kwa penseli: tu-taka-po-wa-pelekea. Kipande kimoja, pumzi, kipande kinachofuata.

Simu ilikuwa rahisi. Mwanawe aliweka picha ya kila mtu kwenye orodha ya majina, kwa kuwa nyuso anazitambua, na akawasha programu inayosoma maandishi kwa sauti. Kiswahili cha programu ile kina lafudhi ya ajabu ila kinaeleweka. Kabla ya kutuma pesa, sasa humpigia mpokeaji kwanza.

Kazi ilihitaji mazungumzo na tajiri. Kwa ruhusa ya mgonjwa, nilimweleza uso kwa uso na kumwonyesha jaribio la sentensi. Aliomba alione mara mbili. Makubaliano yalikuwa kwamba makopo ya rangi yabandikwe namba, rafu nazo zipewe namba, na mzee asimamie kuhesabu, kupanga na kuzungumza na wateja, huku kijana akisoma ankara. Mshahara ulipungua kidogo. Hilo sikulipenda, lakini halikuwa langu kuamua.

## Matokeo

Uwanja wa kuona wa kulia haukurudi. Hatukutarajia, kinachorudi baada ya kiharusi cha aina hii hurudi zaidi katika miezi ya mwanzo, na yeye alikuja kwetu hiyo ikiwa imepita. Anavuka barabara peke yake mchana, kwenye taa au kwenye kivuko cha kituo cha mwendokasi. Usiku hatoki bila mtu.

Anasoma kichwa cha habari cha gazeti kwa silabi, midomo ikicheza, kidole kikitembea chini ya neno. Aya nzima humchosha, na anaiacha katikati bila aibu. Kijiweni wanasomewa na mwingine, yeye anabishana. Barua anaandika hadi leo, kisha anampa mjukuu amsomee alichoandika, na akikuta kosa anamlaumu mjukuu.

Yasin inaendelea kila Alhamisi. Alimuuliza imamu kama ni sawa kuushika msahafu asiousoma kwa macho. Alijibiwa kwa namna iliyomridhisha, na hakutusimulia zaidi.

## Uchambuzi

Kilichochelewesha kisa hiki ni kwamba kila ushahidi ulionekana kuthibitisha kinyume chake. Anaandika, kwa hiyo anasoma. Anasoma Yasin, kwa hiyo macho mazima. Anajua namba, kwa hiyo anadeka. Ukivitazama kimoja kimoja vinapotosha. Ukivipanga pamoja vinachora ramani ya jeraha kwa usahihi wa kutisha: mkono, kumbukumbu na tarakimu vimepona, njia kutoka jichoni hadi kwenye neno imekatika.

Jaribio la msahafu lilikuwa na thamani nyingine ambayo nadhani wengi wangeipita. Mtu aliyepoteza upande wa kulia tu, bila zaidi, husumbuka sana na gazeti, kwa sababu msomaji wa maandishi yanayokwenda kulia huchungulia mbele. Vipimo vya mwendo wa macho kwa wasomaji wa Kiingereza vinaonyesha wanafaidi takribani herufi 15 kulia kwa pale wanapotazama, na 3 au 4 tu kushoto. Kwa Kiebrania, kinachokwenda kushoto kama Kiarabu, utafiti wa mwaka 1981 ulikuta mlalo huo umegeuka. Kwa hiyo, kama shida ya Mzee Shomari ingekuwa uwanja wa kuona peke yake, ukurasa wa Kiarabu ungemwia rahisi kuliko wa Kiswahili. Kukwama kwake sawasawa kwenye yote mawili ndiko kulikotuambia kwamba kusoma kwenyewe ndiko kulikoguswa. Katika mji ambao wazee wengi wanasoma hati mbili, ya Kilatini na ya Kiarabu, hiki ni kipimo cha bure.

Miwani nayo inahitaji neno. Wapimaji wa maduka yale hawakuwa wazembe; walitumia kifaa kinachochukulia kwamba anayeshindwa kuitaja herufi hajaiona. Dalili ilikuwepo hata hivyo. Mwenye upungufu wa uoni hufaulu herufi kubwa na kushindwa ndogo. Mzee Shomari alisitasita kwenye kubwa vilevile, na hakuna lenzi inayoeleza hilo. Ubao wa E ulio kwenye kliniki nyingi, ambao tumezoea kuwawekea wasiojua kusoma, ulitosha kumaliza ubishi.

Kuhusu matibabu, silabi na kidole vilifanya kazi kwa kuwa vilipita njia ambazo hazijaharibika. Maandishi makubwa yalishindwa kwa kuwa yalitibu jicho. Mpango wa dukani ulifanikiwa nusu: namba zilimwokoa, lakini wateja wapya wanaoomba "ile bluu ya bahari" bado wanamkwamisha, na vikadi vya rangi tulivyotengeneza kwa ajili ya duka vimekwisha kuchafuka na gundi. Sina hakika pia kama tajiri angekubali lolote kwa mfanyakazi wa mwaka mmoja.

Kwa anayepima macho kesho asubuhi: mzee akikwambia kusoma kumegoma ghafla, hasa kwa siku anayoikumbuka, mpe ubao wa E kabla ya lenzi. Chezesha vidole pande zote mbili, jicho moja moja. Kisha mpe kalamu aandike sentensi, mzungumzishe, umrudishie aisome. Akiandika na asiweze kusoma alichokiandika, usimuuzie kitu. Mpime presha, sikiliza mapigo ya mkono kama yana mpangilio, na umwandikie rufaa ya kipimo cha kichwa siku hiyohiyo. Rufaa hiyo mpe aliyemsindikiza, na umweleze kwa mdomo inasema nini.